Kulia Si Kukata Tamaa: Tafakari juu ya Albamu Mpya ya The Cure



Tarehe 1 Novemba 2024, siku ya Ijumaa, Wakatoliki wa dunia nzima walikuwa wakiadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote na kujiandaa kuwakumbuka marehemu wao kesho yake. Siku hiyohiyo kundi la muziki wa roki la Uingereza liitwalo The Cure lilitoa albamu yenye jina Songs of a Lost World, yaani nyimbo za ulimwengu uliopotea. Ilikuwa imepita miaka 16 tangu albamu yao iliyotangulia, 4:13 Dream, ya mwaka 2008. Sisi tunaoupenda muziki huu tulikuwa tumekwisha kuzoea kungoja, na wengine miongoni mwetu walikuwa wamekwisha kuacha kungoja. Leo twapenda kusema, bila kuficha furaha yetu, kwamba kungoja kule hakukuwa bure. Albamu hii ni nzuri kupita matarajio yetu. Tena uzuri wake ni wa namna itakayowafaa vijana wa parokia zetu, kwa maana inafanya jambo ambalo sisi wenyewe tumeanza kulisahau: inawalilia wafu bila haraka na bila haya.

Twajua kwamba wako watakaotikisa kichwa. Watauliza: vijana wa Kanisa wana nini na wazee wa Uingereza wenye nywele zilizotimka na midomo iliyopakwa rangi, ambao wimbo wao mmoja wa huzuni huchukua dakika kumi? Je, kijana wa Kongo, ambaye machozi bado hayajamkauka mashavuni, ana haja ya kuongezewa huzuni ya wageni? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Ila kazi yoyote ya mikono ya watu yastahili kusikilizwa kwanza, ndipo ihukumiwe.

The Cure lilizaliwa Crawley, mji ulioko kusini mwa London, katika miaka ya sabini, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Mwimbaji na mtunzi wake, Robert Smith, alizaliwa mwaka 1959, akalelewa Kikatoliki na kusoma katika shule za Kikatoliki. Mwaka 1988 alifunga ndoa na msichana waliyejuana tangu shuleni, katika abasia ya Wabenedikto ya Worth, nao wako pamoja hadi leo. Lakini imani ya utoto wake hakubaki nayo. Alipokuwa akitunga albamu ya mwaka 1981 iitwayo Faith, yaani imani, alikuwa na desturi ya kwenda kuketi makanisani na kuwatazama waamini. Amesimulia kwamba aliona ndani yao hamu ya uzima wa milele, akatambua kwamba yeye mwenyewe hana imani hiyo, akaogopa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wa wengi wenu. Twalitaja jambo hili ili mjue ni mtu gani anayeimba katika albamu mpya, wala hatutaki kumbatiza upya kwa nguvu. Ni mtu ambaye tangu ujana wake amesimama mlangoni mwa swali moja, swali la kifo, wala hakuondoka pale.

Albamu ilipotoka, akiwa na umri wa miaka 65, swali lile halikuwa la kuwaza tena. Katika miaka iliyotangulia albamu hii alifiwa na mama yake, na baba yake, na kaka yake mkubwa. Nyimbo nane zilizomo, zenye jumla ya dakika 49 hivi, zimetoka katika nyumba iliyofiwa mara tatu. Yeyote aliyewahi kurudi kutoka makaburini na kuukuta ukimya ule unaokaa nyumbani baada ya wageni kuondoka, atautambua ukimya huo katika muziki huu tangu mwanzo.

Tuanze basi na mwanzo wenyewe. Wimbo wa kwanza, Alone, unakaribia dakika saba, na sauti ya mwimbaji haisikiki mpaka zaidi ya dakika tatu zimepita. Wimbo wa mwisho, Endsong, unazidi dakika kumi, na humo mwimbaji ananyamaza kwa dakika sita na zaidi. Katika siku hizi ambapo wimbo usiopata mwimbaji katika nusu dakika ya kwanza huchukuliwa kuwa umekwisha kushindwa, huu ni ujasiri. Vinanda vinatanda kama mawingu, gitaa la besi la Simon Gallup linanguruma chini yake, na ngoma za Jason Cooper zinatembea kama watu wanaosindikiza jeneza: polepole, kwa uzito, lakini hazisimami. Tunasikiliza, tunangoja, na mwishowe tunaelewa kwamba kungoja kule ni sehemu ya wimbo.

Mkumbuke rafiki zake Ayubu. Walipomwona katika mateso yake, waliketi naye chini, siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno. Kosa lao lilianza walipofungua midomo na kutaka kumweleza kwa nini anateseka. Siku zile saba za kunyamaza ndizo zilizokuwa za urafiki wa kweli. Kwa maoni yetu, vyombo vya muziki katika albamu hii vinaketi na msikilizaji kwa namna hiyohiyo. Havimwelezi kitu wala havimharakishi apone. Vinakaa naye, na sauti ya mtu inapokuja, inamkuta hayuko peke yake.

Wimbo wa pili, And Nothing Is Forever, umetokana na ahadi. Smith ameeleza kwamba alimwahidi mtu aliyekuwa mgonjwa sana kwamba atakuwa kando yake saa ya kufa, kisha, kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake, hakufika kwa wakati. Ni nani kati yetu asiyemjua mtu mwenye jeraha kama hilo? Barabara iliharibika, nauli ilikosekana, kazi haikutoa ruhusa, vita ilifunga njia, na mama akazikwa mtoto akiwa mbali. Watu wa namna hiyo tunawaambia kwamba si kosa lao, na twasema kweli. Lakini ukweli huo hauwatoshi. Wimbo huu haumwondolei mtu hatia kwa hoja. Unairudia ile ahadi, unaiimba kama kwamba inatimizwa, na vinanda vyake ni vitamu kiasi cha kuumiza. Katika albamu nzima, huu ndio wimbo tunaourudia mara nyingi zaidi.

Kisha unakuja wimbo wa sita, I Can Never Say Goodbye, wa kumlilia yule kaka. Unaanza kwa ngurumo na mvua, na umewekwa katika usiku wa mwezi wa Novemba. Piano inarudia sauti chache tu, sahili, kama mtoto anayejifunza. Smith amesema kwamba aliuandika kwa namna nyingi kabla ya kufikia huu uliobaki, ambao unasimulia tu kilichotokea usiku ule. Twaona hapo fundisho kwa kila anayetaka kutunga au kuandika: penye msiba mkubwa, maneno yaliyopambwa huonekana kama nguo ya sherehe iliyovaliwa mazikoni. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya ufundi mikononi, naye akachagua kusema machache. Tangu mwaka 2022 aliuimba mbele ya umati, mji baada ya mji, kabla haujatiwa katika albamu, na mara nyingi watu walimwona akitokwa na machozi jukwaani.

Msidhani, hata hivyo, kwamba albamu yote ni kilio kimoja kisichobadilika. A Fragile Thing ni wimbo wa mapenzi ya watu walioishi pamoja muda mrefu, wenye mdundo unaochukua mwili. Warsong unaitazama tabia ya binadamu ya kuumizana hata pale wanapopendana, na magitaa yake yanakwaruzana kama watu walioshindwa kusikilizana. Drone:Nodrone ulizaliwa kwa hasira, baada ya chombo kidogo chenye kamera kuruka juu ya bustani ya nyumba ya Smith. Humo gitaa la Reeves Gabrels linapiga kelele za mtu aliyechoka kuchunguzwa. Na All I Ever Am ni tafakari ya mtu anayeziangalia kumbukumbu zake na kuuliza ni ipi kati yake iliyo yeye hasa. Haya yote yanashikamana kwa sababu ni ya mtu mmoja, naye hasemi uongo.

Sasa tuwajibu wanaotikisa kichwa. Wanasema: muziki wa huzuni huzaa kukata tamaa. Sisi twasema kinyume chake. Aliyekata tamaa kweli haimbi. Amenyamaza, amejifungia, haoni sababu ya kumwambia mtu yeyote lolote. Anayeimba huzuni yake bado anatumaini jambo moja angalau, kwamba kuna sikio. Ndiyo maana Kanisa halikuiondoa katika sala zake ile Zaburi ya 88, ambayo tofauti na zaburi nyingine za maombolezo haigeuki kuwa shangwe mwishoni, bali inaishia gizani. Twaisali usiku wa Ijumaa kabla ya kulala. Mama Kanisa, aliye na hekima ya karne nyingi, hakuona aibu kuwapa watoto wake sala isiyo na mwisho mwema, kwa sababu alijua kwamba ziko nyakati ambapo mtu hana sala nyingine. Na Bwana mwenyewe, akijua vema kwamba baada ya muda mfupi atamfufua Lazaro, hakulipita kaburi lake bila kulia.

Hili wala si geni kwetu Wakongo. Tabu Ley Rochereau, mmoja wa magwiji wa rumba yetu, alitunga Mokolo Nakokufa, wimbo wa siku nitakayokufa, ambamo maskini, tajiri na mlevi wanaiwaza kila mmoja siku yake ya mwisho. Wazazi wetu waliucheza wimbo huo, na hakuna aliyewashitaki kwamba wanapanda kukata tamaa. Walijua kwamba wimbo waweza kukibeba kile ambacho moyo peke yake hauwezi kukibeba. Roki ya Crawley na rumba ya Kinshasa hazifanani kwa mdundo, lakini katika jambo hili ni ndugu.

Liko pia neno ambalo twataka kuwaambia wavulana hasa. Usiku uleule wa tarehe 1 Novemba, The Cure walipiga katika ukumbi wa Troxy, mashariki mwa London, onyesho la karibu saa tatu lenye nyimbo 31, ambalo watu wa dunia nzima waliweza kulitazama kwa njia ya intaneti bila malipo. Walianza na albamu mpya yote, kwa mpangilio wake, wimbo wa kwanza hadi wa nane. Baadaye wakarudi kwenye nyimbo za zamani, na wakafunga usiku kwa Boys Don't Cry, wimbo wao wa mwaka 1979. Jina lake ni ile kauli ambayo nanyi mmeisikia tangu utotoni: mwanamume halii. Katika wimbo huo kijana anaficha machozi yake kwa kicheko, kwa sababu amefundishwa hivyo, na kuficha kwake hakumsaidii kitu. Miaka 45 baadaye, kijana yule aliyeutunga amekuwa mzee, amewazika wazazi na kaka, na amekwisha kutoa jibu lake: wanaume hulia, na wakilia vizuri huweza kuwafariji wengine.

Nasi tuitazame misiba yetu. Mara nyingi kijana aliyefiwa hupewa siku chache, kisha huambiwa ajikaze. Akilia zaidi, twamfunga mdomo kwa aya ya Maandiko, si kwa ubaya, ila kwa sababu machozi yake yanatutisha. Tuna sare za vitenge, vipaza sauti vya kukesha, vinywaji na picha za simu. Tuna kila kitu isipokuwa nafasi ya kimya kwa yule anayeumia. Na katika majimbo yetu ya mashariki wako wengi ambao hawakupata hata kaburi la kupalilia, wala mwili wa kuuaga. Huzuni ya watu hao iende wapi? Ikikosa njia ya kutokea, hugeuka hasira, na hasira ya vijana wengi waliofiwa na kunyamazishwa ni kuni kavu kwa yeyote mwenye kibiriti. Kwa hiyo kujifunza kulia si anasa ya watu wa nchi tajiri. Kwetu sisi ni kazi ya amani.

Lakini hatutakuwa waaminifu tukinyamaza juu ya mahali tunapoachana na Smith. Wimbo wa mwisho umetokana na kumbukumbu ya mwaka 1969, watu wa kwanza walipokanyaga mwezini, naye, mtoto wa miaka 10, akiutazama mwezi pamoja na baba yake katika bustani ya nyumbani. Sasa mzee yuko nje tena gizani, chini ya mwezi uleule, baba hayupo, na ndoto za mtoto yule zimekwenda. Baada ya dakika sita za ngoma na magitaa yanayozidi kupanda, anaimba kwamba kila kitu kimetoweka, na albamu inaishia katika utupu. Ni wimbo wa fahari, labda mkubwa kuliko yote waliyowahi kupiga, nasi kila mara unapokwisha hukaa kimya bila kutaka kugusa kitu. Lakini utupu ule sisi hatuwezi kuuita neno la mwisho. Twaamini kwamba wale waliokwenda wako mikononi mwa Aliyewaumba, na kwamba Novemba ni mwezi wa kuwaombea kwa sababu kuna wa kuombewa.

Je, hiyo ni sababu ya kuikataa albamu? Hapana. Kwa maana tumaini letu halikuja ili kutuepusha na ule usiku wa bustanini. Lilikuja kutukuta ndani yake. Anayekimbilia Pasaka bila kupita Ijumaa Kuu hupata shangwe nyepesi, ambayo msiba wa kwanza huipeperusha. Smith anatupa Ijumaa Kuu na giza la kaburi kwa ukweli ambao nyimbo nyingi zinazojiita za dini hazina. Asubuhi ya tatu hakutupa, kwa sababu hanayo, na hakujifanya kwamba anayo. Twamheshimu kwa unyofu huo. Kazi ya kuitangaza asubuhi ile ni yetu sisi tuliopewa, na hatutaifanya vema kama hatujajua kukaa na watu gizani.

Tena iko furaha katika jambo hili, nasi tusiisahau kwa uzito wa maneno yetu. Watu wa umri ambao wengi huhesabiwa kuwa wamekwisha wametoa kazi inayosimama bega kwa bega na Disintegration, albamu yao ya mwaka 1989 ambayo wapenzi wao huiona kuwa kilele chao. Nchini kwao albamu mpya ilishika nafasi ya kwanza, jambo ambalo halikuwapata tangu Wish ya mwaka 1992. Nyimbo nane ndefu, za polepole, za kifo, ziliwashinda wepesi wote wa wakati huu. Ni ishara kwamba watu wana njaa ya kuambiwa ukweli.

Kwa hiyo twapendekeza jambo moja kwa vikundi vya vijana. Mwezi wa Novemba ujao, chagueni jioni moja. Zimeni simu, isipokuwa ile itakayopiga muziki. Sikilizeni dakika zile 49 mfululizo, bila kuzungumza. Asiyejua Kiingereza asihofu. Dakika nyingi za albamu hii hazina neno lolote, na pale yanapokuja, atakuwepo mmoja wenu wa kueleza maana. Kisha kila mmoja alitaje jina la marehemu wake kwa sauti, na atakayelia aachwe alie. Salini pamoja kwa ajili ya majina hayo yote. Na kesho yake nendeni katika nyumba moja ya parokia iliyofiwa, ambayo wageni wamekwisha kuondoka, mkaketi nao. Msiende na hotuba. Bebeni maji au kuni, kaeni hapo, na mngoje mpaka wenyewe wafungue kinywa.